Aliyeshuka Birikani

Midun, Jerba
14 Septemba 1996

Mpwa wangu Dalenda,

Kaa kitako kwanza. Habari hii si ya kusomwa umesimama katika jiko la shule na upawa mkononi. Birika limekwisha. Nimeshuka mwenyewe mpaka chini, mimi Sassi, na kandili mkononi, nikauzunguka ukuta wote kwa viganja. Laini kama ganda la yai kwa ndani. Nilipoita jina langu, jina likanirudia kutoka upande wa pili kama kuna Sassi mwingine anaishi humo. Kutoka Midun mpaka Ajim hakuna nyumba yenye birika la kukingia mvua kama lile lililo chini ya ua wako.

Najua umeshakunja uso. Unasema, Mjomba na goti lake lile, ameshukaje? Basi, sikushuka. Niliinama mdomoni pake. Fundi Lazhari alikuwa amemwaga humo maji yaliyoletwa na gari ili kulijaribu kama linavuja, nami nikateremsha ndoo, ikalia chubwi, ikapanda imejaa. Maji yapo, birika lipo. Mengine ni mapambo.

Lakini watu nimewaambia kwamba nilishuka, na wewe usije ukanirekebisha huko uliko. Ilikuwa siku ya karamu ya kufunga birika. Tumechinja kondoo kama ilivyo desturi, mama yako amepika kuskusi, mafundi wamekula mpaka wengine wakalala palepale. Halafu Lazhari akasimama mbele ya wote. "Ami Sassi," akasema, "wewe ndiye mwakilishi wa Bi Dalenda. Umeliona birika? Umeridhika nalo?" Watu wote wamenigeukia, na aliye mbele kabisa ni Shedli kinyozi, ambaye kila siku ananiambia sijawahi kufanya kazi ya kunitoa jasho. Ulitaka niseme nini? Kwamba nimelichungulia kama kuku anayechungulia chupa? Nikawaambia, "Nimeshuka mpaka chini. Nimelala humo usingizi wa mchana, na ni pana kuliko duka la kinyozi la Shedli." Wakacheka sana. Lazhari akainua mikono, tukasoma Fatiha. Mimi nilimsomea marehemu baba yako, aliyekuachia kile kiwanja.

Mama yako bado yuko kwenye kile chumba cha kupanga nyuma ya kinu cha zeituni. Mwenye nyumba alikuja kumsalimia, lakini macho yake yalikuwa yanapima mapazia. Mwanawe anaoa baada ya Idi na chumba anakitaka. Kwa hiyo tuharakishe. Na Lazhari anaulizia malipo yake ya mwisho. Nilimwambia nitakuandikia. Nimekuandikia.

Mjomba wako,
Sassi


Marsei
28 Septemba 1996

Mjomba wangu Sassi,

Salamu alaikum. Nimeipata barua yako, nikaisoma, nikacheka. Kisha nikaisoma tena nikaacha kucheka.

Unaniambia birika limekwisha, halafu unaniambia hukushuka kuliona. Mkataba niliotia saini na Lazhari unasema kina cha watu watatu waliosimama mmoja juu ya mwenzake, upana wa kutosheleza nyumba mwaka mzima, na lipu ya chokaa mara tatu. Wewe umepima kwa ndoo moja. Hata karai la kuoshea vyombo hujaza ndoo moja, Mjomba.

Nilipokuwa huko Agosti nilisimama pale uani. Niliona kifusi kidogo, mzigo wa punda mmoja au wawili. Nilimuuliza Lazhari, udongo wa shimo lote hili uko wapi? Akasema umepelekwa kwenye mashamba ya mizeituni. Nikauliza mashamba ya nani, akaniitia chai. Tangu siku ile jambo hilo halijanitoka.

Na hii karamu. Hawa mafundi wetu wote tunawajua. Julai wanakimbizana kwa sababu sisi wa ng'ambo tunakuja, na meli yetu ikishang'oa nanga, wanalala mpaka Julai nyingine. Huyu mmoja ndiye aliyelala Julai akaamka Septemba, meli ikiwa imeshaondoka. Kwa nini hakufunga birika nikiwepo, nami nile kuskusi ya mama yangu?

Kuna lingine, sitaki kulificha. Khaira mke wa Tijani amerudi kutoka huko. Amenitembelea, amekunywa kahawa yangu, kisha akasema, "Kuku wa mjomba wako wanalala pazuri kuliko mimi. Amewajengea banda la saruji." Nakuuliza wewe: saruji ya nani?

Tafadhali tafuta mtu ashuke kweli, si kwa mdomo. Malipo ya mwisho siyatoi mpaka nijue. Na usinipigie kutoka lile duka la simu. Mwenye duka amemuoa dada yake Lazhari, na ukuta kati ya vibanda ni mbao tupu.

Nibusie mama.

Dalenda


Midun
21 Oktoba 1996

Dalenda mwanangu,

Kuku wanakusalimu. Wanasema wewe ni mtu wa kwanza kutoka Ulaya kuwaulizia.

Saruji ilikuwa mabaki, mifuko miwili. Lazhari aliniambia, "Ami Sassi, ichukue, ikilala hapa itaganda." Nikaichukua. Ilikuwa yako? Sasa nikifikiri, naona ilikuwa yako. Basi kuku nao ni wako, njoo uchukue mayai.

Nimeanza na kuku kwa sababu yanayofuata si mazuri.

Mvua imenyesha. Si mvua ya kuandikiwa barua, ni mvua ya alasiri moja tu, ile ya kulowesha vumbi. Mama yako alikuwa amekwenda kufagia nyumba yako. Muda si mrefu namwona anakuja kwangu, viatu mkononi, kanga ya kichwani imelowa, wala hakunisalimia.

"Kaka," akasema, "lile birika ulilolala usingizi limeshajaa."

"Al-hamdulillahi," nikasema. "Ni baraka."

"Baraka gani hiyo inaingia jikoni?"

Tukaenda. Maji yalikuwa yanatapika mdomoni, yamefunika ua, yameingia jikoni, yameshika godoro alilokuwa amelitanguliza. Yalipopungua, mama yako akafunga jiwe kwenye kamba, akalidondosha. Nilikuwa bado natafuta mahali pakavu pa kusimama, jiwe likawa limeshafika. Akaivuta kamba, akaishika mahali ilipolowa, akajipima nayo. Ilimfika puani. Unamjua mama yako, hata kwenye picha huwa tunampandisha juu ya kitu.

Nikamwita Masud, anayesafisha mabirika ya watu kila kiangazi kabla ya mvua. Aje ashuke aone upana. Masud akaweka mguu mmoja, akautoa. "Ami Sassi," akasema, "hili si birika, ni mtungi wa achari. Mdomo huu hata mimi siupiti, na mimi ndiyo kazi yangu. Nani atalisafisha, mjusi?"

Nikamfuata Lazhari mkahawani. Nilikuwa nimejiandaa vizuri njiani, maneno makali, mengine nisingeyaandika hapa. Alinyanyuka, akanibusu bega, akaniitia kiti. Nikamwambia birika ni dogo. Akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Dogo vipi, Ami Sassi? Si ulishuka mwenyewe? Si ulilala humo?" Mkahawa mzima ukacheka. Shedli kinyozi akanipigia makofi.

Nilikunywa kahawa aliyoniagizia. Ndivyo ilivyokuwa, na ningekuandikia vingine kama ningeweza.

Sassi


Midun
2 Novemba 1996

Kwa Bi Dalenda, mtu wa heshima, binti wa watu wa heshima,

Nakuandikia kwa masikitiko. Jana mtu wa mahakama alinibishia mlango na barua ya onyo kutoka kwa mwanasheria wako, mbele ya watoto wangu, kama kwamba mimi ni mwizi. Sisi si watu wa kuletana mahakamani, dada yangu. Baba zetu walichimba mabirika yao kwa kushikana mikono.

Nataka ujue yaliyotokea, maana naona huambiwi yote. Tulipochimba tulikuta mwamba. Nikamwita mjomba wako, mwakilishi wako, nikamwonyesha. Akasema, "Fanya unavyoona, mpwa wangu hatajua." Nikafanya alivyosema. Baadaye akashuka mwenyewe, akaridhika, akalisifu mbele ya watu wazima zaidi ya ishirini, tukasoma Fatiha. Kazi iliyosomewa Fatiha imepokewa. Hao wote waliokula watasema hivyo, na wala hawatasema uongo.

Ami Sassi simtaji kwa ubaya. Ni mzee wetu. Hata saruji aliyoniomba kwa ajili ya banda lake nilimpa bila neno.

Kwa kuwa nakuheshimu, niko tayari kukuongezea mfuniko wa chuma uliopakwa rangi. Wewe umalizie malipo, tusahau.

Ndugu yako,
Lazhari Ben Amor


Marsei
16 Novemba 1996

Mjomba,

Nimeandikiwa na Lazhari. Naona umeniachia yeye anieleze.

Anasema walikuta mwamba na alikuita. Anasema ulimwambia mpwa wako hatajua. Nimeyasoma hayo maneno mara nyingi kuliko inavyofaa, nikiyatafutia sauti ya mtu mwingine. Bahati mbaya ninaisikia sauti yako.

Nimezungumza na Bi Emna, mwanasheria wa mji wa Humt Suq. Nikamuuliza nina njia gani. Akasema njia zipo. Onyo rasmi limeshampata, na huo ndio mlango, bila hilo hakimu hakusikilizi. Lazhari akikaa kimya au akikataa, tunaweza kumwomba hakimu amlazimishe achimbe upya kama mkataba unavyosema. Nikamwambia simtaki tena uani kwangu. Basi, akasema, tunaweza kuuvunja mkataba, tudai fidia na tuzuie kile ambacho hatujamlipa. Au, na hii ndiyo niliyoipenda, tuombe ruhusa ya mahakama tuweke fundi mwingine na gharama zimwangukie yeye Lazhari. Kwa vyovyote hakimu atamtuma mhandisi wake kwanza, aje apime, aandike alichokiona. Na suluhu ipo mpaka dakika ya mwisho, lakini si ya mfuniko wa rangi.

Nilikuwa nimeanza kupumua. Kisha akaniuliza, "Kuna mtu aliipokea kazi kwa niaba yako?"

Mjomba, hilo ndilo jambo lote. Kasoro iliyojificha mtu anaweza kuidai hata baadaye. Lakini kama mwakilishi wangu aliingia ndani, akaona kwa macho yake ukubwa wa lile shimo, na akasema mbele ya watu kwamba ameridhika, basi si kasoro tena, ni makubaliano. Hakimu atasema, uliyemtuma aliona, akakubali. Nitapoteza birika, nitatakiwa kulipa lililobaki, na mama atatolewa kwenye chumba baada ya Idi aende kwenye nyumba isiyo na maji. Miaka yangu yote ya kupakulia watoto wa watu chakula imo kwenye ile nyumba.

Mimi uliniambia hukushuka. Wao uliwaambia umeshuka. Mmoja wetu umemdanganya, na mimi siwezi tena kuapa kwamba ni wao. Labda ulishuka kweli. Labda uliona kila kitu, ukapewa saruji, na ile barua yako ya kuchekesha ilikuwa ya kunilaza usingizi.

Ile hati ya uwakilishi mkabidhi mama. Bi Emna ameshaandika nyingine kwa jina lake. Na kiwanjani kwangu usikanyage tena.

Dalenda


Midun
30 Novemba 1996

Dalenda,

Hati nimempa mama yako. Aliipokea kwa ncha za vidole, kama samaki aliyelala juani.

Mwamba sikuuona wala sikuitwa kuuona. Lakini nikisema hivyo utaniuliza ni Sassi yupi anayesema, yule wa kwako au yule wa karamuni, na kwa kweli hata mimi nimeanza kuwachanganya.

Nilikwenda nyumba kwa nyumba kwa wale waliokula kondoo. Nikawaambia, siku ile nilidanganya, sikushuka. Unajua Shedli alinijibu nini, wembe umesimama shingoni mwa mteja? "Kwamba unadanganya tunajua, Ami Sassi. Tatizo letu hatujui ni siku ipi." Hakuna aliyekasirika. Afadhali wangekasirika. Wote waliniahidi kwamba wakiulizwa watasema walichokisikia, na walichokisikia ni mimi.

Nimemwambia mama yako, ukitolewa kwenye chumba njoo kwangu, vyumba vipo. Akasema akija atalala na kuku, maana ile saruji angalau ni ya mwanawe.

Umeandika nisikanyage kiwanja. Sikanyagi. Napita kwa mbali, upande wa mizeituni, kuona kama mlango umefungwa. Hilo nalo ukilikataza, niandikie.

Sassi


Marsei
10 Januari 1997

Mjomba,

Ramadhani njema.

Mhandisi wa mahakama atakuja nyumbani mwishoni mwa mwezi huu wa mfungo. Mama ana tarehe. Lazhari atakuwepo na mashahidi wake, Bi Emna atakuwepo kwa upande wangu. Umeitwa na wewe. Si kama mwakilishi, ni kama mtu atakayeulizwa.

Sikuombi unisaidie. Bi Emna anasema shahidi anayependelea ni mbaya kuliko asiyekuja. Ukiulizwa, sema lililotokea, kisha unyamaze. Najua la pili ndilo gumu.

Dalenda


Midun
20 Aprili 1997

Mpwa wangu Dalenda,

Barua yako imefika, ile yenye samahani nyingi. Nimemsomea mama yako nusu yake, nusu nyingine nimeibakiza yangu. Unasema Bi Emna amekueleza yaliyotokea siku ya mhandisi. Bi Emna ni mtu wa sheria, amekueleza kama mtu anayehesabu nguo za dobi. Acha nikueleze mimi.

Tulikutana uani, wote midomo mikavu ya saumu. Mhandisi ni kijana mwembamba mwenye miwani, hasemi hatazami mtu. Akashusha fimbo yake ya kupimia, akaandika. Akapima mdomo wa birika, akaandika. Lazhari akawa anamfuata nyuma kama kivuli. "Bwana mhandisi, udogo hatuukatai," anamwambia. "Kulikuwa na mwamba. Lakini lilipokewa. Mzee huyu hapa alishuka, akaona, akakubali." Akawageukia mashahidi. "Alisema au hakusema?"

"Alisema," wakajibu wote, na Shedli akaongeza, "Alisema alilala humo."

Mhandisi akaniuliza mimi. Nikasema, "Nilisema. Sikushuka." Nikanyamaza, kama ulivyoniagiza. Sijawahi kujisikia vibaya namna ile. Bi Emna alianza kusema habari za mdomo mwembamba, Lazhari akamkatiza, "Mwembamba kwa nani? Mzee huyu ni mwepesi, tunamjua." Mhandisi akafunga kalamu. Nikaona kwa uso wake kwamba ataandika yote mawili, kwamba alisema na kwamba amekana, na hakimu atachagua. Ningekuwa hakimu, ningemchagua Sassi wa karamuni. Yule alikuwa na mashahidi.

Hapo ndipo mama yako, aliyekuwa ameegemea mlango wa jikoni akichambua dengu za futari, akasema bila hata kuinua macho, "Kama alishuka, si ashuke tena tumwone."

Watu wakacheka. Mama yako hakucheka. Akaweka chini ungo. "Haya, kaka. Vua viatu."

Dalenda, mimi nimezeeka. Nina suruali moja ya heshima, ile ya Idi, ndiyo niliyoivaa kwa ajili ya mahakama. Nikavua viatu, nikakaa ukingoni, nikaingiza miguu. Magoti yakapita. Mapaja yakapita kwa maneno mawili matatu ambayo yaliiharibu saumu yangu. Halafu nikafika kwenye nyonga, na safari ikaishia hapo. Nikajisukuma. Nikakaa. Sikwenda chini, na nilipotaka kurudi, sikwenda juu.

"Jivute," akasema mhandisi.

"Nimekwama," nikasema, na hilo hakuna aliyelitilia shaka.

Lazhari alikuwa amebadilika rangi. "Amenenepa," akasema. "Siku ile ya karamu alikuwa mwembamba."

"Amenenepa?" mama yako akasema. "Mwezi mzima wa Ramadhani anakula tende na lawama zangu. Mwezi huu kama angeweza kupita popote, angepita hapa."

Yule mhandisi, Mungu amzidishie, akapiga goti kando yangu. Akanibonyeza kiunoni kwa kidole kama anachagua tikiti sokoni, akabonyeza upande wa pili. "Huu ni mfupa," akasema. "Mfupa haunenepi." Akatoa tepu, akanipima nyonga mbele ya watu wote, akaandika namba, kisha akapima mdomo tena, akaandika namba ya pili chini ya ile ya kwanza. Akapiga mstari. Bi Emna akaanza kutabasamu akiangalia ukutani.

Kunitoa ilihitaji watu, na aliyekuwa karibu kuliko wote ni Lazhari. Akanishika kwapa moja, Shedli kwapa jingine. "Vuta pumzi, Ami Sassi," Lazhari akaniambia. Nikamjibu, "Siku ile uliponipitisha, ulinivutishaje?" Shedli akacheka mpaka akaniachia, nikarudi kukaa. Mara ya pili waliponivuta nilitoka, lakini suruali ilichagua kubaki. Ilipasuka kutoka kiunoni mpaka chini ya paja. Nikasimama kati ya ua wako, mbele ya mahakama, mwanasheria mwanamke na nusu ya Midun, nikiwa nimeshika kitambaa kwa mikono miwili. Mama yako alinifunga kitambaa alichokuwa amefunikia dengu. Hilo Bi Emna hakukuandikia, nadhani.

Duka la kinyozi sasa lina hadithi ya kutosha mpaka nife. Watu wananiita Kizibo. Nikipita, mtu akiwa na chupa mkononi ananiuliza kama ninaitosha. Ile ya kulala birikani imekufa kabisa, hakuna anayeitaja, hata mimi.

Mengine unayajua. Hakimu amesema mwakilishi hakuingia, hakuona, na maneno ya karamu si macho, na Fatiha haikuchimba shimo. Ametoa ruhusa ya fundi mwingine kwa gharama za Lazhari. Lazhari amekata rufaa, Bi Emna anasema akate tu. Fundi huyo ni Masud, na watu wake wameshaanza kuchimba. Mwamba wameutafuta sana, hawakuuona, wameona udongo laini kama unga wa shayiri. Mama yako amehamia tangu wiki iliyopita, anachota maji kwa mkokoteni wa punda mpaka mvua ya kwanza, na kila jioni ananiita nikachungulie shimo linavyokwenda chini. Nachungulia kwa mbali.

Sasa zile samahani zako. Ulinidhania mwizi, na mimi ningekuwa wewe ningenidhania hivyo mapema zaidi. Zirudishe mfukoni, zitakufaa kwa watu wengine. Kwangu una deni la kitu kimoja tu, na ni kidogo. Niletee suruali Agosti. Nyeusi, yenye mifuko mirefu, isiwe ya kijana. Kiuno usinipigie simu kuniuliza, kipimo changu kimo katika jalada la mahakama na kimepigwa muhuri. Mwambie Bi Emna akusomee.

Mjomba wako,
Sassi